Swichi ya mtumba kwa CCNA: itafute k9 kwanza, bei baadaye

Malalamiko ya wanaojisomea CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, hapa Unguja na Pemba yananifikia kwa sura ileile. Mtu kanunua swichi ya Cisco iliyotumika (kifaa cha kuunganisha kompyuta kwenye mtandao), kaiwasha, taa zimewaka kijani, VLAN (mitandao midogo ndani ya swichi moja) zinakubali, mambo yanakwenda vizuri mpaka anafika somo la SSH, njia salama ya kuingia kwenye kifaa ukiwa mbali. Anaandika `crypto key generate rsa`, swichi inamjibu `% Invalid input detected`. Kijana mmoja wa Chake Chake aliniandikia akiamini anakosea tahajia, na usiku kucha alikuwa akiirudia amri ileile. Alikuwa hajakosea kitu. Kauziwa swichi ambayo SSH haimo.

Sababu yake ni herufi mbili tu. IOS, yaani programu inayoendesha vifaa vya Cisco, kwa miaka mingi ilitoka kwa sura mbili: yenye usimbaji (kuficha data isisomeke njiani) wenye nguvu na isiyo nao. Yenye nao huandikwa k9 kwenye jina la faili. Marekani inadhibiti usafirishaji wa teknolojia ya usimbaji kwenda nchi za nje, ndiyo maana zile zisizo na k9 zikawapo, na mashirika mengi yaliziweka bila kujali, kwa kuwa wao walitosheka na Telnet, njia ya zamani isiyoficha data. Leo vifaa vyao vimechakaa na vinatufikia sisi. Na mtihani wa CCNA, wenye namba 200-301, kipengele 4.8, unakutaka uweze kuipanga SSH kwa mkono wako.

Jina la nje ya boksi halikuambii chochote kuhusu hili. Lebo ya chini nayo haikuambii. Ni lazima swichi iwashwe, iunganishwe na laptopu, uandike `show version`, kisha usome mstari unaoanza na "System image file". Ukiona `c2960-lanbasek9-mz`, toa pesa. Ukiona `c2960-lanbase-mz`, rudisha. Usikubali kuambiwa "utaishusha mtandaoni": Cisco hutoa faili hizo kwa mwenye mkataba wa huduma, na swichi ya mtumba haina mkataba.

Hapo ndipo wauzaji wanaponikera. Duka moja la Mlandege nilipoomba kuiwasha swichi niliambiwa, "Dada, kitu safi hiki, kimetoka Dubai juzi, wateja wote wanachukua hivihivi." Hivihivi! Mtu anayeuza simu hukuwashia, hukupigia picha, hukuonyesha hata betri, lakini mwenye swichi anataka ulipe umefumba macho. Wa mtandaoni ndio wabaya zaidi: picha ya swichi imefungwa nailoni, chini yake "bei inboksi". Ukifika inboksi unaulizwa uko wapi, na ukisema Zanzibar bei inapanda kabla hata ya nauli ya boti kutajwa. Bei iandikwe hadharani, na picha ya `show version` iwekwe pembeni yake. Kwa muuzaji mkweli hiyo ni kazi ya dakika chache.

Sasa mpangilio wangu. Mimi ni mtu wa Cisco na sifichi. Mtihani ni wa Cisco, basi vidole vizoee Cisco.

Ya kwanza, bila mshindani: Catalyst 2960 ndogo ya poti 8, WS-C2960-8TC-L, mbili, pamoja na ruta moja (kifaa cha kuunganisha mtandao na mtandao) ya 1941. Swichi hii haina feni, kwa hiyo inakaa kimya juu ya meza chumbani wakati watoto wamelala, na haivuti vumbi ndani. Mbili zinatosha: ziunganishe kwa kebo mbili uone STP, kinga ya data kuzunguka bila mwisho, ikifunga poti moja, kisha zifunge kebo hizo pamoja ziwe kama moja kwa EtherChannel uone poti ile ikifunguka. Ruta ya 1941 huja na IOS ya `universalk9`, kwa hiyo wasiwasi wa SSH unapungua sana, na poti zake ni za gigabiti. Angalia pia herufi ya mwisho ya swichi: L ni LAN Base, S ni LAN Lite iliyopunguzwa uwezo.

Ya pili, 3560 pamoja na ruta ya 1841. Uzuri wa 3560 ni kwamba inapitisha pakiti kati ya VLAN yenyewe bila kupitia ruta, na hilo unalihitaji ulione. Ila 1841 ndiyo yenye mtego wetu: `ipbase` tupu haina SSH, `advsecurityk9` inayo. Ipekue kama ulivyoipekua swichi.

Ya tatu, CML, maabara ya Cisco ndani ya kompyuta. Toleo la binafsi ni dola 199 kwa mwaka, linabeba vifaa 20, na IOS zake ni halali. Lipo pia la bure la vifaa 5. Linataka laptopu yenye RAM ya kutosha.

MikroTik, vifaa vya kampuni nyingine, ni nzuri, watoa intaneti wengi wanaitumia, lakini amri zake ni nyingine kabisa. Inunue ukisomea MTCNA, cheti cha MikroTik wenyewe. Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mtandao, ni ya bure na inafaa kuanzia, ila swichi yake ya 2960 inaikubali SSH bila tatizo, kwa hiyo haitakufundisha kuogopa ninachokuogopesha hapa.

Kwa sisi wa pwani, chungulia ndani ya poti kwa tochi. Vijino vikiwa vya kijani, chumvi imeshaingia. Na umeme wetu unavyokatika, zoea kuandika `copy running-config startup-config` kila unapomaliza zoezi, la sivyo kazi ya jioni nzima inapotea.

Waya wa konsoli wa bluu, ule wa kuunganisha swichi na laptopu, uombe uwemo ndani ya bei, pamoja na kigeuzi cha USB chenye chipu ya FTDI. Vigeuzi vingi vya bei ya chini vina chipu bandia ya Prolific, na Windows huzikataa. Nenda navyo dukani siku ya kununua, na laptopu yako mkononi, kwa sababu bila hivyo `show version` huioni.