Wiki tatu za Kihispania mjini Xela: uzoefu wangu

Mimi ni muuguzi, naishi Houston, na kwa miaka sita nimezungumza na wagonjwa wangu wa Kihispania kwa mkalimani wa simu. Mwaka jana nilichukua likizo nikaenda Quetzaltenango, nyanda za juu za magharibi ya Guatemala, nisome lugha huku nikiishi na familia. Jina hilo refu mjini husikii mtu akilitaja. Wanasema Xela, na hiyo x ni sh, kwa hiyo itamke kama Shela ya Lamu. Ni kifupi cha Xelajuj No'j, jina la lugha ya K'iche', moja ya lugha za Wamaya, wenyeji wa asili wa Guatemala, ambalo wengi hulifasiri kuwa chini ya hekima kumi.

Shule siitaji. Ziko nyingi mjini na zinaendeshwa kwa mtindo ule ule: mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja, kwa muda wa saa tano kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, halafu unalala na kula kwa familia waliyokuchagulia. Nililipa chini ya dola 300 kwa wiki, masomo, chumba na milo mitatu vikiwa humo. Kwa bei hiyo Houston sipati hata mwalimu wa jioni mbili.

Lakini wiki ya kwanza ilinikera. Nilikuwa nimeandika mapema kwamba nahitaji Kihispania cha hospitali, wakanijibu hakuna shida. Nilipofika nikapewa mwalimu kijana, mpole, aliyenifundisha kuagiza kahawa na kuuliza njia kwa siku nne. Chumba nacho kilikuwa na ukungu ukutani. Nilikwenda ofisini Alhamisi nikasema yote mawili bila kuzungukazunguka. Jumatatu nikawa na mwalimu mwingine na nyumba nyingine. Siku zile nne sikufidiwa. Ukienda, sema shida yako siku ya pili, usingoje kama mimi, na uliza pia kiasi gani cha ada yako kinamfikia mwalimu. Shule nzuri inakujibu papo hapo.

Huyu mwalimu wa pili alikuwa mama wa makamo, na ndiye aliyenifanya nione faida ya kuwa Mswahili. Irabu zao ni tano na ni zile zile zetu. Ñ yao ni ny yetu. Kitenzi kinabeba mtenda ndani yake: hablo ni nasema, huhitaji kutanguliza mimi. Ngeli zao ni mbili tu, kwa mtu aliyekua na ki-vi na u-i hilo si jambo la kumkosesha usingizi. Na lile lililowatesa Wamarekani niliokuwa nao shuleni, kubadili kitenzi baada ya kutaka au kuomba, lilinijia kama salamu. Habla ni anasema. Quiero que hable ni nataka aseme. A inageuka e kwao, a inageuka e kwetu. Nilipomwandikia mwalimu mistari hiyo miwili ubaoni aliiangalia kwa muda, kisha akainakili kwenye daftari lake mwenyewe. Kilichonishinda hadi leo ni rr.

Msamiati wa hospitali aliufundisha jinsi watu wanavyoongea: homa wanaita calentura, mtoto ni patojo, na susto ni ugonjwa kamili, mtu aliyeshtushwa hadi akakosa usingizi na hamu ya kula. Akaniambia mgonjwa akikutajia susto usimkatize, muulize kilimshtua nini, hapo ndipo historia yake ilipo.

Sasa nyumba ya pili. Alikuwepo bibi, binti yake, na mjukuu wa miaka kama kumi na mmoja. Bibi alivaa kila siku huipil, blauzi ya kufumwa na kutariziwa, na corte, kitambaa kinachozungushwa kiunoni kama kitenge na kukazwa kwa mshipi. Aliyezoea nguo hizo anaweza kujua mvaaji katoka kijiji gani, kama sisi tunavyoisoma kanga, ila wao wanasoma rangi na mfumo. Asubuhi ya kwanza nilimsikia bibi akimsemesha mjukuu kwa K'iche', na mtoto akamjibu kwa Kihispania. Bibi tena kwa K'iche', mtoto tena kwa Kihispania. Walielewana kabisa.

Mimi ni Mbena wa Njombe. Bibi yangu mzaa mama alinisemesha Kibena hadi siku alipokufa na mimi nilimjibu Kiswahili, kwa sababu shuleni tulichapwa kwa kuongea lugha ya nyumbani. Niliacha chai yangu ikapoa pale mezani.

Tangu siku hiyo niliomba nifundishwe salamu. Saqarik, nan: umeamkaje, mama. Nan ni heshima kwa mwanamke mzima, na kwa mwanamume ni tat. Shukrani ni maltyox. Nami nikampa bibi kamwene ya kwetu, akaisema vizuri kuliko nilivyosema yake, maana K'iche' ina sauti zinazokatwa kooni ambazo koo langu halizijui. Kihispania cha bibi kilikuwa cha polepole na cha kupima maneno, na ndicho nilichokielewa kuliko cha mtu yeyote mjini. Sote wawili tulikuwa tumejifunza ukubwani.

Jikoni nilishangaa zaidi. Tunakula mahindi kila siku Njombe, na mahindi asili yake ni pande hizo, lakini sisi tuliyapokea bila mapishi yake. Wao wanayachemsha na chokaa, wanayaacha yalale, wanaosha ganda, ndipo wanasaga. Chokaa hiyo huachilia vitamini B3 iliyofungwa ndani ya punje. Kama muuguzi nilijua pelagra, ugonjwa wa wanaokula mahindi karibu matupu. Sikujua kwamba wakulima wa kule walikuwa na kinga yake jikoni tangu kale. Alhamisi huliwa paches, aina ya tamali, yaani madonge ya kupikwa, ila hizi ni za viazi badala ya mahindi, nyekundu kwa nyanya na pilipili, zimefungwa kwenye majani. Mtu wa Njombe hawezi kushindwa na viazi. Nilikula tatu.

Mji wenyewe uko zaidi ya meta 2,300 juu ya bahari. Siku mbili za mwanzo kupanda ngazi kulinitoa pumzi. Desemba hadi Februari usiku ni baridi ya kuumiza na nyumba hazina joto la kuwasha, kwa hiyo omba blanketi la tatu na ubebe sweta nzito. Mei hadi Oktoba ni mvua, mara nyingi mchana. Kutoka Guatemala mji mkuu ni saa nne au tano kwa basi.

Katikati kuna uwanja wenye nguzo za mawe na majengo ya fahari ya enzi ya kahawa. Mwaka 1902 tetemeko la ardhi lilibomoa sehemu kubwa ya mji na miezi michache baadaye volkano ya Santa María ikalipuka. Ubavuni mwake imeota Santiaguito, inayofuka tangu 1922. Mwalimu wangu alipenda kunikumbusha kuwa pamoja na fahari hiyo yote, meya wa kwanza wa K'iche', Rigoberto Quemé Chay, alichaguliwa mwaka 1995 tu. Kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1960 hadi 1996, vilivyoua au kupoteza watu zaidi ya 200,000, wengi wao Wamaya, mimi sikuuliza nyumbani kwa watu. Nawe usiulize. Ukikaa, wataanza wenyewe.

Watu walinitazama sana barabarani, wengi wakidhani ni Garífuna, yaani Waguatemala weusi wa pwani ya Lívingston. Hakuna aliyenivunjia heshima.

Naipa shule nyota nne, nyumba ile ya pili tano. Novemba narudi kwa wiki mbili, na safari hii nimeomba saa moja kila siku iwe ya K'iche'.

Zamani mgonjwa wa Guatemala akiitikia sí, sí kwa kila swali, niliandika kwenye faili kuwa ameelewa. Sasa naanza kwa kuuliza: nyumbani kwenu mnaongea lugha gani? Wiki yangu ya pili baada ya kurudi kazini, mama mmoja aliyekuwa ameinamisha kichwa muda wote aliniangalia usoni, akajibu, Mam, lugha nyingine ya Wamaya. Nikafunga faili nikaenda kutafuta mkalimani mwingine.