Jeli ya diklofenaki, manjano na "unga wa viungo": uzoefu wangu kwa goti lililosagika

Ninayoandika hapa yanahusu goti lililosagika gegedu, ule mfupa laini wa kwenye kiungo: linauma ukishuka ngazi au ukichuchumaa kuokota korosho, na asubuhi likikaza linaachia ndani ya nusu saa. Ukiona viungo vidogo vya vidole vimevimba mikono yote miwili, na kukaza kunaendelea hata saa nzima, huo ni ugonjwa mwingine. Kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia viungo, na kila mwezi unaokunywa majani kiungo kinazidi kuharibika. Nenda hospitali: Ligula kama uko Mtwara, Sokoine kama uko Lindi, au Ndanda kama uko upande wa Masasi.

Nilichokipa alama za juu ni jeli ya diklofenaki ya asilimia 1, dawa ya kupaka inayotuliza maumivu na uvimbe. Wengi wanasema haifanyi kazi, na ukiwatazama wanavyopaka unaelewa kwa nini: kiasi cha punje ya kunde, mara moja, usiku. Kipimo ni hiki. Kamua mstari kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kunjo la kwanza, hiyo ni kama nusu gramu. Kwa goti, mwongozo unaruhusu hadi gramu 4 kwa mpako mmoja, mara 4 kwa siku, yaani mistari 8 kila mara. Kwa mfuko wa kawaida hilo ni zito, tyubu ya gramu 30 haimalizi siku mbili. Mimi napaka mistari 4 mara 3 kwa siku, tyubu inakaa siku tano, na nafuu naiona ndani ya wiki moja au mbili. Paka goti zima, mbele na pembeni, siyo pale panapouma tu. Usifunge nailoni wala kitambaa cha moto juu yake, usioge kwa saa moja, na nawa mikono kabla ya kugusa macho. Dawa ya kuchua yenye mentholi isipakwe juu yake wakati huohuo, ngozi itawaka bure.

Vidonge vinashinda jeli kwa kasi, lakini gharama yake hailipwi dukani. Diklofenaki haipiti mg 150 kwa siku, na inamezwa baada ya chakula. Tatizo ninaloliona zaidi ni kurudufu. Mtu anameza diklopa, ambayo ndani yake tayari ina diklofenaki na paracetamol, kisha anaongeza Panadol, jioni anamalizia na ibuprofen. Tumbo linachubuka na ini linabebeshwa. Anayetumia dawa ya presha inayoishia na -pril au -sartan, pamoja na ile ya kukojoza, asiguse kabisa vidonge hivi bila daktari. Zikikutana tatu, figo zinaweza kufeli bila maumivu yoyote ya kukuonya. Omba kipimo cha kreatinini, kile cha damu kinachoonyesha hali ya figo.

Upande wa asili, manjano yana hoja, ila hesabu inayavunja. Kijiko cha chai cha unga kina kama gramu 3, na kurkumini, ile inayotuliza uvimbe, ni takriban asilimia 3 tu ya unga, yaani mg 90 hivi. Majaribio mengi yaliyoonyesha nafuu yalitumia kurkumini iliyokolezwa, mara nyingi karibu mg 1,000 kwa siku. Ungehitaji vijiko kumi na kimoja! Tena haipenyi vizuri mwilini bila mafuta na pilipili manga. Kwa hiyo kwenye mchuzi wa tui naitia kwa furaha, ila kama dawa siitegemei. Tangawizi naiweka hapohapo, na wenye kiungulia waipunguze. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze dozi kubwa za vyote viwili bila kumwambia daktari wake, maana damu inaweza kuzidi kuwa nyepesi.

Kukanda kwa taulo la maji ya moto dakika 15 hadi 20 kunafungua goti lililokaza. Likiwa limevimba na lina joto, tumia baridi. Wenye sukari wapime maji kwa kiwiko, nyayo zao zinaweza kuungua wasihisi. Na mafuta ya ganda la korosho yasipakwe kwenye kiungo kamwe. Yanababua ngozi, wabanguaji wanalijua hilo kuliko mimi.

Nisichokipa hata alama moja ni ule unga wa kutibu viungo, usio na lebo, unaouzwa kwenye kopo. Muuzaji anakwambia, "Mzee, hii haina kemikali, kesho unakimbia." Hiyo kesho ndiyo inayonitia shaka, kwa sababu mimea huchukua wiki kadhaa. Mwaka 2022 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu vidonge vya viungo vilivyouzwa kama virutubisho, ndani vikakutwa na diklofenaki na deksamethasoni zisizoandikwa. Deksamethasoni ni steroidi, yaani dawa inayoiga homoni ya mwili, na utaitambua kwa uso kujaa kama mwezi, njaa isiyokwisha, na sukari na presha kupanda. Ukishaitumia wiki nyingi usiache ghafla, mwili unakuwa umesahau kutengeneza homoni yake. Peleka kopo kwa daktari akupunguzie taratibu. Kabla ya kununua, tafuta namba ya usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala au TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania.

Kilichobaki hakiuzwi dukani. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu, bana paja, hesabu hadi tano, mara 10 kwa kila mguu, asubuhi na jioni. Kila kilo moja ya uzito unayopunguza inalitua goti kama kilo nne kwa kila hatua. Fimbo ishikwe mkono wa upande usiouma, mpini ufike usawa wa kifundo cha mkono. Zile za mpingo wanazochonga Wamakonde zinapendeza, lakini ni nzito, na zisipokuwa na mpira chini zinateleza kwenye vigae.