TAHADHARI: Huyu anayeuza pikipiki za Vespa Super "za kiwandani" hapa mjini

Jina lake silitaji. Si kwa kumuogopa, bi mkubwa kanikataza na nimeshampa ahadi. Watu wa barazani kwetu wanamjua, na wasiomjua watamtambua kwa maneno yake, maana kila mtu humwambia yale yale: "Yakhe, hii haijaguswa tangu itoke kwa Mtaliana."

Kisa cha marehemu wetu na Vespa yake, iliyokuwa uwani kwetu nikiwa mdogo, sikirudii. Nilikuwa sitafuti Vespa ya kupandia tu, hizo ziko tele. Nilitaka Super 150, iwe kama ilivyotoka kiwandani Pontedera, Italia: magurudumu ya inchi 8, si ya 10 kama ya Vespa Sprint, taa ya mviringo, umeme wa volti 6 wenye pointi za kutoa cheche, rangi moja bila metaliki na makorokoro. Taa ya nyuma nilikwishaipata, saa ya spidi nilikwishaipata, vimo ndani ya kabati la mke wangu mpaka leo, na kila akilifungua ananitazama.

Sasa sikilizeni nilivyofanywa.

Nilifika kwake baada ya alasiri. Vespa ilikuwa uwani chini ya mwembe, imefunikwa shuka. Shuka ya kitandani, safi, yenye maua. Hakunikimbiza kwenye biashara hata kidogo. Alinikalisha, akaja mtoto na birika la kahawa na kashata, akaniulizia jamaa zangu wa Wete kwa majina yao, akanipa pole ya msiba. Ndipo akanyanyuka, akaishika ile shuka pembe mbili, akaivuta polepole kama anayemfunua bi harusi.

Samawati! Inang'aa mpaka naiona kofia yangu mwenyewe kwenye madigadi. Akapitisha kiganja kuanzia kwenye taa mpaka mkiani, taratibu, akasema mashaallah. Na mimi nikasema mashaallah. Akapiga kikki mara moja tu, ikawaka, ikatulia, moshi mwembamba, harufu ile ile ya petroli iliyochanganywa oili ambayo kwa mimi ni harufu ya uwani kwetu nikiwa na umri wa skuli. Hapo moyo wangu ulishakwenda, na yeye aliuona unakwenda.

Kisha akatoa turufu. Akafungua bodi ya pembeni, akawasha tochi ya simu, akanishika bega tukainama pamoja. "Soma namba ya bodi." Nikasoma. "Sasa soma ya injini." Nikasoma, herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu. Namba moja! Akanitazama usoni. "Umeona? Hizi zimezaliwa pamoja, hazijawahi kuachana." Wallahi nilikaribia kulia.

Bei milioni nne na nusu. Nikaomba apunguze, akacheka kwa upole, akasema yuko Mtaliana mmoja wa hoteli Nungwi ameshatoa zaidi ya hapo, lakini yeye anaona haya kitu cha wazee wetu kirudi Ulaya. "Nakupa wewe kwa sababu utaitunza." Papo hapo simu ikalia, akaitazama, akaizima bila kusema neno. Leo sina shaka aliyepiga ni yule mtoto wa kahawa, kajibanza nyuma ya mlango. Nikazihesabu pesa juu ya siti, noti juu ya noti, na yeye anageuza uso pembeni kama mtu asiyependa kutazama pesa.

Watu wananiuliza, na wanauliza kwa kucheka: hukwenda na fundi? Nani anakwenda na fundi kwa mtu aliyekupa pole ya msiba? Hukupitisha sumaku? Adhana ya magharibi ilituadhinia pale pale uwani, tukatia udhu kwa ndoo moja, yeye ndiye aliyesalisha. Hebu niambieni nyinyi mafundi wa maneno, mtu kakusalisha, ukitoa salamu tu unachomoa sumaku mfukoni? Na kuna mtu mzima mwenye heshima zake, mnamjua, aliyeniambia kwa mdomo wake kwamba huyu ni mtu safi. Naye sasa hapokei simu.

Mambo yalianza kwenye matuta ya njia ya Bububu. Kila nikipanda tuta nasikia mlio mdogo chini ya miguu, krr. Nikadhani ni stendi. Baadaye nikaona ufa kwenye rangi, mwembamba kama unywele, unatokea kwenye pedali ya breki na kukata kuelekea katikati. Nikaupitishia kucha, kipande cha rangi kikabanduka, na chini yake hakuna bati. Kuna kitu cheupe, kinamumunyika kama chaki. Puti, ile ya kuzibia mabonde kabla ya rangi.

Fundi wangu wa Mwanakwerekwe hakusema kitu. Alikwenda kuchukua sumaku ya spika mbovu, akaibandika kwenye bodi, maana sumaku hushika bati, haishiki puti. Ikaanguka. Akaibandika mbele, ikaanguka. Akaizungusha bodi nzima, ikawa inashika hapa, haishiki pale. Akachukua ncha ya kisu akachokoa, puti unene wa kidole, na chini yake mstari wa welding umekata sakafu kutoka upande huu mpaka upande huu. Vespa mbili! Mbele ya moja, nyuma ya nyengine, zimeungwa katikati na kupakwa samawati.

Na kwa asiyejua: Vespa haina chesisi, yaani fremu ya chini ya peke yake. Tangu ile ya kwanza ya 1946 ndivyo ilivyobuniwa. D'Ascanio aliyeichora alikuwa mhandisi wa ndege, akafanya bati lenyewe ndilo libebe kila kitu, injini, gurudumu, wewe na mkeo aliyekaa nyuma. Bati likikatwa likaungwa ovyo, hakuna kitu chengine cha kulishikilia. Mimi nilimpakia mwanangu kwenye ile kitu kumpeleka madrasa. Mnanielewa?

Na ile namba sasa. Fundi aliposikia kisa cha tochi alicheka mpaka akakaa chini. Piaggio, kampuni inayotengeneza Vespa, hawakuwa wakigonga namba moja kwenye bodi na kwenye injini. Bodi ya Super huanza na VBC1T, injini yake VBC1M, na tarakimu zinazofuata kila moja ina zake. Zikifanana, mtu kazigonga. Kwenye injini yangu imegongwa VBC1T! Injini ina namba ya bodi! Na chini ya herufi michirizi ya grenda bado inaonekana, ukipitisha kidole unaihisi. Yaani kile alichonimulikia ndicho kilichokuwa kinamuumbua, na mimi nimeinama hapo nasema alhamdulillah. Injini yenyewe ni ya Bajaj ya India, hao hao wa bajaji zetu, ambao zamani walikuwa wakitengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio. Si injini mbaya. Ungeniambia ni ya Bajaj ningekupa bei ya Bajaj. Pointi hakuna, ndani kuna umeme wa kisasa wa elektroniki. Saa ya spidi feki, mshale unaruka ruka. Kilichokuwa orijino pale ni hewa ya tairi, na hiyo sina hakika.

Nikamrudia. Kahawa safari hii hakuna. "Uliiona, uliipanda, uliridhika." Basi! Nikampeleka kwa sheha wa mtaa, akaja na kanzu imepigwa pasi, akaapa. Sheikh wetu ameshanieleza wazi kwamba mnunuzi akikuta aibu, yaani kasoro, iliyofichwa ana khiyari ya kurudisha mali na kurudishiwa pesa zake. Muuzaji alipoambiwa hivyo akasema aibu hiyo na yeye hakuijua. Hakuijua! Puti unene wa kidole kaipaka nani, jini?

Mtu kama huyu ningekuwa na uwezo ningemfungia ile injini shingoni atembezwe Darajani siku ya mkesha wa Idi, kila muuza viatu amuulize namba. Afungwe. Pesa zirudi, na afungwe hata zikirudi. Achukuliwe lile grenda lake na zile herufi zake za chuma anazogongea, zitupwe bandarini Malindi mbele ya boti. Akatazwe kusalisha, hilo hasa, akatazwe mpaka nyumbani kwake, kwa sababu alinitoa mimi akilini kwa sura mbili za juzuu amma na sauti nzuri. Huko barazani mimi sasa naitwa Mzee Puti. Watoto wa watu wananiamkia hivyo.

Haya, kwa mwenye kutaka kununua. Sumaku, usione haya, hata akikupa pilau. Sakafu itazame kwa chini, lala chini na kanzu yako, tafuta mstari unaokata katikati. Namba nimeshasema, T kwenye bodi, M kwenye injini, na tarakimu zisiwe sawa. Injini, ukifika iguse kabla hajapiga kikki. Yangu nikikumbuka ilikuwa na joto tayari, alishaiwasha kabla sijaja, ndiyo maana ikakubali kwa kikki moja. Namba ya kwenye kadi pia ilinganishe, mimi nilioneshwa kadi kwa mbali na tukaambiana ya kubadilisha jina tutaimaliza baadaye. Na ukisikia kuna Mtaliana Nungwi anaisubiri, muachie Mtaliana. Kuna mengi mengine, fundi wangu atawaelezeni, mimi nikiyaandika presha inapanda.

Lililonifanya niandike leo ni hili: nimesikia ana nyengine, ya kijivu, nayo "haijaguswa", na kwa kuwa hapa mjini maneno yameanza kuenea anaipeleka Pemba. Watu wa Chake na Wete msimpokee. Na aliyeko Mkoani akiiona inateremshwa botini, kijivu, siti nyeusi, kioo kimoja cha kushoto, anipigie mimi kwanza, kabla hajawapigia polisi.