Maji ya RO ya kujaza mtungi, nimepikia bia karibu mwaka mzima

Nakaa Syokimau, napika bia nyumbani, na karibu mwaka sasa maji yangu yote natoa duka moja la kujaza mitungi hapa karibu na steji, wale wanaochuja kwa mashine ya RO, ile inayosukuma maji kupitia utando mwembamba chumvi zikabaki nyuma. Nawapa nyota nne, ya tano nitasema ilienda wapi.

Hapo mwanzo nilikuwa natumia maji ya kisima cha ploti. Kuoga sawa, kufua sawa, lakini chai ya rangi ukipika nayo inatoka nyeusi tii na hiyo ingenizindua mapema, maana visima vingi vya Nairobi na kandokando vina umagadi mwingi, bikaboneti ya sodiamu hiyo, na floridi juu yake. Umagadi unapandisha pH (kipimo cha asidi, ikipanda asidi imepungua) ya uji wa kimea, ile nafaka iliyochipushwa ukiiloweka maji moto, inafaa ikae kati ya 5.2 na 5.6, yangu ilikuwa inapita 6, sasa maganda ya kimea yanaachilia ukakasi wote. Bia niliyotaka iwe ya njano ikatoka rangi ya chai iliyokolea, ukimeza inakausha ulimi kama umetafuna ndizi mbichi. Nilimwaga mara tatu, lita 20 kila mara, iliniuma sana. Kuna mtu akaniambia chemsha maji usiku yalale, nikachemsha mpaka gesi ikaisha na hakuna kilichobadilika, kumbe kuchemsha kunasaidia maji yenye kalsiamu, ile chokaa inashuka chini ya sufuria, haya yetu ni sodiamu haishuki ng'o. Floridi nayo ndio inazidi, maji yakipungua yenyewe inabaki.

Haya, duka. Mtungi wa lita 20 ni shilingi 150, kijana wa pale anasuuza ndani na nje bila kuambiwa. Siku ya kwanza nilipima na mita yangu ndogo ya TDS, inayosoma chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, kisima kilisoma 780, mtungi ukasoma 22. Maji matupu kabisa, na hiyo ndiyo raha yake, chumvi unajiwekea mwenyewe. Lakini lazima uweke, usipike nayo hivyo hivyo, bila kalsiamu chachu haitulii chini vizuri na bia inabaki na ukungu. Mimi kila lita 20 za maji natia jasi gramu 4 na kloridi ya kalsiamu gramu 2, kalsiamu inafika kama miligramu 74 kwa lita na uchungu wa hopsi unatoka msafi. Ukipenda bia nzito ya kimea geuza, kloridi izidi jasi.

Walio na maji ya mfereji kutoka bwawa la Ndakaini msijisumbue na RO, hayo ni mepesi tayari, shida yenu ni klorini tu, ikikutana na kimea inaleta harufu ya plasta ya kidonda. Robo ya kidonge cha Campden, hicho ni cha salfaiti cha kuua klorini, kwa lita 20, koroga, ngoja dakika chache, imeisha.

Sasa ile nyota. Miezi mitatu iliyopita nimebeba mitungi miwili kama kawaida, nafika nyumbani napima, 190. Nikadhani mita imekufa, nikabadilisha betri, 190. Nikarudi nayo dukani nikapima mbele ya mwenye duka, mita ndani ya kikombe chake, akaangalia namba akaniambia mashine iko sawa. Utando wa kuchujia ulikuwa umechoka, ukionja huwezi kujua. Waliubadilisha baada ya wiki tatu na wiki zote hizo waliendelea kuuza kwa bei ile ile, watu wanapelekea watoto wakijua ni RO. Hiyo haikunifurahisha hata kidogo.

Saa hii inasoma 18 na bado naenda. Mita naingia nayo mfukoni, napima kabla kijana hajafunga kifuniko na kabla sijatuma pesa.