Review: karakana iliyotujengea ukuta wa kumbukumbu Kayenze

Tangu niweke zile picha za Aprili kwenye status watu hawaishi kuniuliza nani alijenga, kwahiyo naandika yote hapa yaishe. Jina la karakana siweki maana nina ya kusifia na nina ya kulalamika, mwenye shida nao anicheki inbox. Ni karakana ya mawe na makaburi hapahapa Mwanza, siyo kubwa, mafundi wachache na kijana mmoja wa michoro.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mama mkwe wangu kwao ni Rwanda, upande wa Kibungo, aliolewa huku miaka mingi kabla ya 1994. Ndugu zake waliuawa kwenye mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi na kwa habari zilizomfikia wengi walitupwa mto Akagera, hakuna mwili hata mmoja uliopatikana. Familia ikaamua kujenga kitu kwenye kiwanja chake Kayenze, kando ya Ziwa Victoria, mahali pa kukaa na majina yao kila tarehe 7 Aprili, siku ya kuwakumbuka waliouawa, basi, hatukuhitaji makubwa.

Mchoro wa kwanza aisee ulikuwa kaburi. Kaburi kabisa, mstatili wa tarazo, marumaru nyeupe juu, nguzo nne zimepakwa dhahabu na malaika kapiga magoti. Nikamwambia bosi wa pale mzee hapa unamzika nani? Akajibu, "Bosi, hili ndo watu wote wanachukua." Siwalaumu sana, kila siku wanaletewa misiba na mkono umeshazoea, lakini mtu asiye na kaburi huwezi kumchorea kaburi, unakuwa kama unadanganya. Nenda Igoma kwa wale wa meli ya MV Bukoba iliyozama Mei 1996, pale makaburi yana haki ya kuwa makaburi kwasababu watu wamelala palepale. Uganda nao, zile sehemu tatu za Kasensero, Lambu na Ggolo, wamezikwa zaidi ya watu 10,000 waliouawa Rwanda 1994, mto ukawaleta na wakatolewa ziwani, wavuvi na wanakijiji ndo waliowaopoa, kwahiyo pale kuna mtu chini ya ardhi. Kanisa la Nyamata kule Rwanda ni kingine tena, nguo za waliouawa zimewekwa juu ya mabenchi na jengo lenyewe ndo ushahidi, pale fundi wa maana ni yule anayejua kutogusa. Sisi hatuna mwili, hatuna jengo, tuna majina na maji.

Hapo ndo yule kijana wa michoro alipowaokoa. Akaomba aje Kayenze mwenyewe, akafika, shikamoo mama, akakaa kwenye mkeka, na hakuuliza ukubwa wala rangi ya tailizi, akauliza mto unapita wapi. Mama akamchorea kwa kidole, Nyabarongo inaingia Akagera, Akagera inashuka Rusumo, inazunguka mpakani kwetu huku Kagera halafu inamwaga ziwani upande wa Uganda. Akamwambia pia kwamba mto haukuwa bahati mbaya, kuna mwanasiasa anaitwa Léon Mugesera alisimama Kabaya Novemba 1992 akahutubia watu kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya Nyabarongo, yaani watupwe mtoni, mwaka mmoja na nusu kabla. (Huyo alikuja kuhukumiwa kifungo cha maisha Rwanda 2016.) Kijana akafunga daftari bila kuchora kitu, nikajua huyu kaelewa.

Mchoro wa pili ni ukuta mfupi wa mawe ya hapahapa Mwanza, haya ya granaiti tunayojengea msingi, unakufika kifuani, umeelekezwa kaskazini magharibi kule mto unakoingilia ziwani. Sakafuni kuna mfereji mwembamba unaoanzia mlangoni, unapita chini ya ukuta na kutokea upande wa pili, mvua ikinyesha maji yanapita kweli. Hakuna paa wala nguzo, malaika tumemrudisha. Benchi liko upande wa pili, kwahiyo ukitaka kukaa lazima kwanza upite kwenye majina, na mimi naona hiyo ndo akili kubwa kuliko zote kwenye kazi ile. Bisesero kule Rwanda wamefanya kitu cha ukoo huo, kumbukumbu imepanda mlimani na wewe unaupanda mlima uleule ambao watu walijitetea kwa mawe na mikuki, miguu inachoka kabla hujasoma chochote.

Majina sasa. Watoto wawili mama anawajua kwa majina ya utani tu, na bosi alitaka tuwaache eti haipendezi kuchanganya. Mama akakataa. Ukifika kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Gisozi pale Kigali, ambako wamezikwa zaidi ya 250,000, kuna chumba cha watoto na chini ya picha wameandika mtoto alipenda kula nini, alipenda mchezo gani, kwahiyo jina la utani lina shida gani? Yamechongwa hivyohivyo. Na theluthi ya mwisho ya ukuta imeachwa tupu kwa ajili ya ambao bado tunaulizia, kama ukuta wa majina wa Gisozi ambao nao haujajaa mpaka leo.

Herufi zimechongwa kwa tindo, siyo mashine, ukipitisha kidole unaingia kabisa. Fundi alimwaga ndoo ya maji ukutani akarudi nyuma kuangalia kama zinasomeka zikilowa, zikasomeka, ila mchana wa saa sita kivuli kinapotea unasoma kwa shida, nenda asubuhi au jioni.

Malalamiko. Moja, walichelewa sana na simu hawapokei, Aprili tumeingia saruji bado mbichi. Mbili, walipima ukuta karibu kabisa na maji, shemeji yangu ndo akastuka kwamba sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, tukasogeza juu na kuchimba msingi upya, na gharama walitaka tulipe sisi, tukagawana baada ya kelele. Tatu, walipaka rangi ya dhahabu kwenye herufi bila kuuliza, imeanza kubanduka tayari, tunaikwangua polepole na kwa kweli jiwe tupu ni zuri zaidi.

Bei iko juu kidogo ya wale wa barabarani na wanatoza kwa herufi, na majina ya Kinyarwanda mnayajua urefu wake. Nawapa tatu kati ya tano, kijana wa michoro peke yake tano. Ukienda muulizie yeye moja kwa moja, wapimie mita 60 wewe mwenyewe, na kwenye risiti waandike "bila rangi" kabla hujatoa advansi.