Uzoefu wangu na viungio vya Kadee 148 kwenye mabehewa ya HO

Kama unajenga reli ndogo ya mtindo wa Amerika Kaskazini kwa skeli ya HO, yaani 1:87, pesa ya kwanza baada ya injini iende kwenye viungio vya mabehewa. Nimetumia vya plastiki vinavyokuja na mabehewa mapya, nimetumia nambari 5 ya Kadee, kampuni ya Marekani inayotengeneza viungio, na sasa kila behewa langu la mizigo lina nambari 148. Sirudi nyuma.

Umbo lake linafuata kiungio cha Eli Janney, aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1873: vichwa viwili vinashikana kama mikono miwili iliyokunja vidole. Kichwa na kidole, yaani sehemu inayofunguka na kufunga, ni vya chuma, na kidole hurudishwa mahali pake na springi ya waya mwembamba sana. Hapo ndipo kinapoviacha mbali vya plastiki. Vingi vya plastiki havina springi, vina ulimi mwembamba ulioumbwa pamoja na kichwa. Ulimi ukichoka, kidole hufunguka chenyewe treni ndefu ikipanda mlima, na mabehewa ya nyuma yanateremka yakirudi yalikotoka.

Tofauti ya 148 na 5 iko ndani ya kijumba, yaani kisanduku kinachofungwa chini ya behewa kushika kiungio. Nambari 5 inataka bamba la springi la shaba lipangwe chini ya shina, yaani mkia wa kiungio, nalo likikaa upande kiungio hakirudi katikati. 148 ina visharubu viwili vya waya kwenye shina lenyewe. Unavibana kwa kidole na gumba, unasukuma ndani ya kijumba, pini inayoning'inia kichwani ikielekea chini, unafunika. Pakiti ina viungio vinne pamoja na vijumba vyake vya nambari 242, kwa hiyo inatosha mabehewa mawili.

Kabla ya kufunga, chungulia ndani ya kijumba. Mara nyingine hubaki kinyuzi cha plastiki kutoka kwenye kalibu, na kinyuzi hicho kinatosha kukwamisha shina. Kikwangue kwa ncha ya kisu, nyunyiza unga kidogo wa grafaiti, usitie mafuta, maana mafuta hukusanya vumbi. Toboa sakafu ya behewa kwa biti ya milimita 1.8, kata nyuzi za skrubu kwa tapu (kifaa cha kukatia nyuzi ndani ya tundu) ya saizi 2-56, halafu funga skrubu. Ikishika, acha. Ukiikaza zaidi kijumba kinabonyea na kiungio kinagoma kucheza. Gundi siipendekezi hata kidogo: plastiki ya vijumba ina utelezi, gundi ya kawaida haiishiki vizuri, na tone likipenya ndani kiungio kimekwisha. Jaribio ni rahisi. Sukuma kichwa kushoto, achia. Sukuma kulia, achia. Kila mara kirudi katikati bila kusaidiwa.

Sasa jambo ambalo wengi huliruka na kisha kulaumu kiungio: kimo. Kwa HO, katikati ya kichwa panatakiwa pawe inchi 25/64 juu ya reli, karibu milimita 9.9. Macho hayawezi kupima hivyo. Nunua kipimo cha Kadee nambari 205 pamoja na pakiti ya kwanza. Ni cha chuma na kinagusa reli zote mbili, kwa hiyo zima umeme la sivyo utapiga shoti. Ukitaka kupima huku umeme umewaka, chukua nambari 206 iliyokingwa.

Kichwa kikiwa chini, anza na magurudumu. Kwenye reli halisi behewa la kubeba tani 100 lina magurudumu ya inchi 36, la zamani zaidi lina ya inchi 33, na kwa HO tofauti hiyo peke yake inashusha kichwa karibu milimita 0.4. Magurudumu yakiwa sawa, weka washa, yaani kipete chembamba, kati ya boji (kigari cha magurudumu chini ya behewa) na behewa: ya kijivu ni inchi 0.010, nyekundu 0.015. Kichwa kikiwa juu mno, ongeza kipande chembamba cha plastiki kati ya sakafu na kijumba ili kijumba kishuke. Ukimaliza, boji moja iyumbe kidogo pande zote, nyingine ikazwe kiasi cha kuzunguka tu bila kuyumba.

Kipimo hichohicho kina kidato cha kukagulia pini iliyopinda chini ya kichwa. Pini ikining'inia mno inanasa kwenye njia panda na kung'oa behewa relini. Kuna koleo maalumu la kuikunja, nambari 237, na inafaa kuwa nalo, kwa sababu koleo la kawaida huilegeza pini kwenye tundu lake.

Kutenganisha kwa sumaku kunapendeza kukitazama. Viungio vikisimama juu ya sumaku nambari 321 bila kuvutana, pini zinavutwa kila moja upande wake, vidole vinafunguka, kisha unalisukuma behewa hadi unapotaka bila kushikana tena. Lakini behewa lenye ekseli au uzito wa chuma linavutwa na sumaku hiyohiyo na kutembea lenyewe. Mimi naweka sumaku kwenye njia za pembeni tu. Kwenye njia kuu treni ikilegea kidogo juu yake inakatika, kwa hiyo huko natumia kijiti cha mshikaki: kiingize katikati ya vidole, kizungushe, vinaachiana.

Uzito nao usiusahau. Pendekezo la NMRA, chama cha wajenzi wa reli ndogo cha Marekani, kwa HO ni aunsi 1 na nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu, hivyo behewa la inchi 6 liwe na aunsi 4, takriban gramu 113. Jepesi kuliko hapo linakimbia linapogongwa badala ya kushikana.

Kwa mabehewa marefu ya abiria 148 haifai. Shina lake ni fupi mno kwa mabehewa hayo na kwenye kona pembe za mabehewa zinagongana. Hapo chukua 146 yenye shina refu. Na ukipuliza rangi ya kulifanya behewa lionekane limechakaa, ziba vichwa kwa utepe kwanza, maana rangi ikiganda kwenye springi kidole hakifungi.