Kiangazi cha Lubumbashi: mafuta gani ya kupaka ununue kwanza

Kuanzia Mei hadi Septemba mvua haionekani Lubumbashi. Mji uko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi chini ya nyuzi 10. Hewa inakauka, vumbi jekundu linapanda. Ngozi hupoteza maji muda wote, na hewa ikiwa kavu inayapoteza upesi zaidi. Ukiongeza maji ya moto na sabuni kali, mafuta ya asili yaliyokuwa yakizuia maji hayo yanaondoka pia. Ndipo miguu inapauka na visigino vinapasuka. Kwa hiyo ukifika dukani uliza jambo moja tu: hiki kitazuia maji yasitoke? Harufu na uzuri wa chupa havihusiki.

Ya kwanza: vaselini nyeupe isiyo na manukato. Robert Chesebrough aliipatia hataza Marekani mwaka 1872, na hadi leo hakuna kitu cha bei hiyo kinachoziba ngozi vizuri kuliko hicho. Haina maji, hivyo haiozi, na ni watu wachache sana inayowadhuru. Farmasini tafuta maandishi "vaseline blanche" au "vaseline officinale" na kopo ambalo halijafunguliwa.

Ijaribu kwa vidole. Chukua kiasi cha punje moja ya haragwe, uisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Nzuri inateleza, inalainika taratibu kwa joto la mkono na hainuki chochote. Ikinuka kama mafuta ya taa, haikusafishwa vya kutosha. Ikikatikakatika kama mshumaa, imeongezwa nta. Vikopo vidogo vinavyojazwa mezani, kama vile kwenye Soko la Kenya hapo Lubumbashi, vinaonekana rahisi, lakini gawanya bei kwa gramu kabla ya kulipa: mara nyingi kopo kubwa lililofungwa ndilo rahisi, na unajua kilichomo.

Wengi wanaosema vaselini haiwasaidii wanaipaka kwenye ngozi iliyokwisha kukauka. Yenyewe haileti maji, inafungia yale inayoyakuta. Oga kwa maji ya uvuguvugu, jifute kwa kugusagusa bila kusugua, kisha upake ndani ya dakika 3, ngozi ikiwa bado na unyevu. Punje ile ya haragwe inatosha kutoka goti hadi kifundo cha mguu. Ukizidisha, ziada inaishia kwenye nguo na kukusanya vumbi. Na nguo zilizolowa vaselini zikishika moto huwaka haraka kuliko kawaida, kwa hiyo usimpake mtoto na kumweka karibu na mbabula (jiko la makaa) ili apate joto.

Ya pili: gliserini ya farmasi. Hii huvuta maji na kuyashika, lakini haibagui inakoyavuta. Ukiipaka tupu wakati hewa ni kavu, inayavuta kutoka ndani ya ngozi yako mwenyewe, na baada ya saa chache unajikuta umekauka zaidi huku ukinata. Changanya sehemu 1 ya gliserini na sehemu 2 au 3 za maji yaliyochemshwa yakapoa, tengeneza ya siku chache tu, na juu yake pitisha vaselini nyembamba. Viwili hivyo pamoja vinashinda losheni nyingi za bei ghali.

Gliserini iliyoongezwa maji inajulikana kwa uzito. Mililita 100 za gliserini safi zina karibu gramu 126, wakati maji ya ujazo huohuo ni gramu 100. Tofauti hiyo unaisikia mkononi. Ukiinamisha chupa, safi inashuka polepole ubavuni, ile ya maji inakimbia. Na tafadhali, usiikamulie ndimu. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi ukatoka juani, yanaiunguza: malengelenge kwanza, halafu madoa meusi yanayokaa wiki au miezi. Wengi huongeza ndimu ili kuondoa madoa, nayo ndiyo inayoyaleta.

Ya tatu: krimu ya urea, inayoshika maji na kulainisha ngozi ngumu, kama mfuko unaruhusu. Asilimia 5 hadi 10 kwa mwili, 20 hadi 25 kwa visigino vilivyokakamaa. Inachoma kwenye nyufa zilizo wazi, kwa hiyo zifunge kwanza kwa vaselini na soksi usiku kadhaa. Si ya mtoto mchanga.

Ya nne: mafuta ya alizeti, hayahaya ya kupikia, mradi hayajawahi kutumika. Asidi ya linoleiki iliyomo inasaidia ngozi kujenga upya ukuta wake. Mafuta ya zeituni yana heshima kubwa kwa kukanda watoto, lakini yamejaa asidi ya oleiki, ambayo hulegeza ukuta huohuo. Mawese yabaki jikoni, yanatia doa nguo na shuka.

Ya tano: karite, yaani siagi ya shea. Ni nzuri kwa viwiko na midomo. Ikinuka uchachu imeharibika. Usoni, kwa mwenye chunusi, iache.

Ya mwisho: losheni yenye manukato. Sehemu kubwa ya chupa ni maji, ndiyo maana "aqua" huandikwa kwanza. Ikiwa "glycerin" imo kati ya viungo vitatu vya mwanzo, inafaa. Ikiwa manukato yameandikwa kabla yake, rudisha.

Kuna chupa ambazo hazistahili nafasi yoyote, ingawa zinakaa rafu moja na hizi na huuzwa kama dawa ya ngozi kavu. Soma Kifaransa cha lebo: "éclaircissant", "clarifiant", "anti-taches", "teint uniforme". Maneno hayo yanauza kujichubua. Kisha tazama viungo. Haidrokwinoni, ikitumika muda mrefu, inaweza kuacha madoa ya kijivu-bluu usoni yasiyotoka. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika vipodozi vya ngozi mwaka 2001. "Clobétasol" ni dawa ya daktari: ngozi inakuwa nyembamba, mistari inatokea mapajani, na siku ukiiacha uso unawaka. "Mercure", "calomel" na "mercurous chloride" ni zebaki, inayoingia mwilini na kuharibu figo. Krimu isiyo na orodha ya viungo, au iliyopimwa kwa kijiko kutoka ndoo, ichukulie kuwa na mojawapo ya hizo.

Na kabla hujalipa, hakikisha tatizo ni ukavu. Muwasho unaozidi usiku, vipele kati ya vidole, kwenye viganja na kiunoni, na wenzako wa nyumbani nao wanajikuna: hao ni wadudu wa upele. Mafuta haya hayawaui. Nenda kituo cha afya uulizie permetrini au benzili benzoeti, mtibiwe wote siku moja, na mashuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto siku hiyohiyo.